Simu ya afisa mikopo imeporwa: tununue mfumo wa kufuatilia simu zote?

Swali: "Nasimamia tehama kwenye taasisi ya mikopo midogo hapa Mwanza. Tuna maafisa mikopo 34. Tisa wana simu za ofisi, waliobaki wanatumia simu zao wenyewe. Jumamosi mmoja wao aliporwa simu yake stendi ya Buzuruga. Alitueleza Jumatatu mchana. Ndani kulikuwa na barua pepe ya ofisi, programu yetu ya mikopo, na kundi la WhatsApp ambamo tunatumiana picha za vitambulisho vya NIDA vya wakopaji. Sasa mkurugenzi anataka tununue mfumo utakaotuonyesha kila simu ilipo saa 24 na kufuta kila kitu simu ikipotea. Wafanyakazi wamesema kitu hicho hakiingii kwenye simu zao. Muuzaji ameshaleta ankara. Tununue? Na hii iliyoporwa nifanyeje?"

Ndugu yangu, ankara hiyo usiisaini wiki hii. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tumalize habari ya simu iliyoporwa, maana kwa ulivyoandika nahisi kuna milango bado iko wazi.

Simu ikiporwa, ofisi nzima hugeuka kuitafuta simu. Huyu anaipigia, yule anafungua ramani aone imefika wapi, mwingine anajuana na vijana wa stendi. Nawaelewa, simu ni pesa. Lakini kwa taasisi yenu ile simu yenyewe ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Hatari iko kwenye laini iliyomo na kwenye akaunti ambazo tayari zimefunguliwa humo. Utaratibu wangu ni huu: laini kwanza, akaunti pili, simu mwisho.

Laini inatangulia kwa sababu kibaka hahitaji kujua namba ya siri ya simu ili aitumie. Anaichomoa, anaichomeka kwenye kitochi, na kuanzia hapo kila SMS ya mwenye simu inaingia kwake. Akienda kwenye ukurasa wa barua pepe akabofya kwamba amesahau nenosiri, msimbo wa kuthibitisha unamfuata yeye. WhatsApp hivyo hivyo. Kwa hiyo kama bado hamjafanya: piga 100 kwa simu yoyote ya mtandao huo laini ifungwe, kisha mwenye laini aende dukani kwao na namba yake ya NIDA, aweke kidole, arudishiwe laini. Ile ya zamani inakufa hapo hapo. Akishapata mpya, aisajili WhatsApp yake kwenye simu nyingine, hata ya kuazima. WhatsApp haikubali simu kuu mbili kwa namba moja, kwa hiyo iliyoko mikononi mwa mwizi itatolewa nje. Kisha, kabla hajaanza kusoma meseji zilizompita, aangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti hiyo, asichokitambua akitoe, na awashe uthibitishaji wa hatua mbili. Siku nyingine mtu akiipata laini, atakwama kwenye ile namba ya tarakimu sita.

Kwa simu zenu zilizobaki kuna kinga ya bure ambayo ni wachache mno wanaoitumia: namba ya siri ya laini. Sisemi ile ya kufungulia simu. Hii huombwa laini inapochomekwa kwenye simu nyingine au simu inapozimwa na kuwashwa. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai PUK, yaani msimbo maalumu wa kuifungulia. Waite wote ofisini, andikeni PUK za laini zote kwanza (lazima atokee wa kusahau kesho yake asubuhi), halafu iwasheni pamoja. Mkiwa hapo hapo, zimeni maandishi ya arifa yasionekane kioo kikiwa kimefungwa. Nimeona simu zilizofungwa vizuri kabisa, namba ya siri tarakimu sita, lakini SMS yenye msimbo wa benki inajitokeza juu ya kioo na kila mpita njia anaisoma.

Sasa akaunti. Watu wengi hubadilisha nenosiri wakaona wamemaliza. Simu ikishaingia kwenye akaunti mara moja hupewa kibali cha kuendelea kuingia bila kuulizwa tena, na ipo mifumo ambayo kibali hicho huendelea kuishi hata nenosiri likibadilishwa. Kwenye barua pepe ya ofisi, iwe ya Google au Microsoft, msimamizi ana uwezo wa kuisimamisha akaunti na kuvitoa vifaa vyote vilivyoingia. Fanya yote mawili, ndipo ubadilishe nenosiri. Programu yenu ya mikopo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa programu nyingi za namna hiyo hutengenezwa na kijana mmoja au wawili kwa bei ya kuelewana. Mpigie aliyewatengenezea, mwulize maswali mawili tu: nikimzima mtumiaji upande wa seva, simu yake inatoka lini? Na simu inahifadhi nini ndani yake kukiwa hakuna mtandao? Akijibu kwamba inatoka mtumiaji mwenyewe akibonyeza "toka", jua kwamba simu ya Buzuruga bado inaweza kuwa ndani.

Swali la pili nalo ni zito kwenu. Maafisa wanaokwenda Ukerewe au vijiji vya Sengerema hawawezi kutegemea mtandao kila saa, kwa hiyo programu lazima ibebe taarifa. Sawa, ila ibebe za wateja wa siku hiyo, si daftari zima la tawi, na ikishatuma makusanyo ya jioni ijifute. Hili ni suala la nusu ukurasa wa maelekezo kwa mtengenezaji. Linawalinda kuliko ramani yoyote.

Mwisho ndiyo simu. Mwenyewe aende polisi achukue RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi), maana bila hiyo hata duka la mtandao wakati mwingine linasumbua. IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, iko kwenye boksi lake. Kwa zile ambazo hazijapotea, bonyeza *#06# leo na uziandike zote kwenye daftari moja pamoja na jina la mtumiaji na namba ya laini. Kwa IMEI, mtandao unaweza kuifungia simu isipate huduma. Ndiyo njia iliyotumika Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia nchi nzima. Afisa aingie Find Hub, huduma ya Google ya kutafuta simu, kwa Gmail yake atoe amri ya kufunga au kufuta. Atoe tu, hata kama zimepita siku.

Lakini muelewe amri hiyo ina kasoro gani, kwa sababu ndiyo bidhaa mnayouziwa. Amri ya kufuta inasubiri simu iingie mtandaoni. Mwizi mzoefu huizima simu kabla hajavuka barabara, na fundi atakayeipokea anaifanyia kazi bila bando. Mkurugenzi anaposema mfumo "utafuta kila kitu", anazungumzia uwezo unaotegemea mwizi awe na ukarimu wa kuiunganisha simu na intaneti.

Kinacholinda kweli ni kilichokuwepo kabla simu haijaporwa. Simu zote za Android zilizotoka kiwandani na toleo la 10 au zaidi husimba taarifa zake, yaani huzigeuza zisisomeke bila ufunguo, na usimbaji huo umefungwa kwa namba ya siri ya kioo. Simu ikizimwa, taarifa zinabaki zimefungwa mpaka mwenyewe aingize namba hiyo. Fundi ataiflashi simu aiuze, ila picha na barua zilizokuwemo zinakwenda na maji. Kwa sharti moja: namba iwe namba. Mchoro wa kuburuta kidole siukubali kazini. Panda daladala yoyote ya kutoka Buzuruga kwenda mjini uangalie mikono ya abiria: herufi L, herufi Z, na alama ya mafuta ya kidole imebaki kwenye kioo kama ramani. Tarakimu sita, zisiwe mwaka wa kuzaliwa, na kioo kijifunge ndani ya dakika moja.

Dakika moja hiyo ina sababu. Wanaokwapua simu wakiwa juu ya pikipiki huvizia mtu aliyekwisha kuifungua, anasoma meseji au anaongea. Hapo namba ya siri haijasaidia kitu. Google wameongeza kinga ya wizi inayofanya kazi kwenye Android 10 na kuendelea: simu inahisi imenyakuliwa ghafla na mtu anakimbia nayo, inafunga kioo yenyewe. Haishiki kila mara, lakini ni bure na iko kwenye mipangilio ya huduma za Google. Ipo na ya kufunga kwa mbali kwa kuandika namba ya simu tu, kwa yule asiyekumbuka nenosiri la Gmail akiwa amechanganyikiwa stendi. Nazo zinatakiwa ziwashwe kabla ya tukio.

Nirudi kwenye jambo ulilolitaja kwa haraka ukalipita: aliporwa Jumamosi, akasema Jumatatu mchana. Hapa ndipo penye tatizo lenu kubwa, na hakuna mfumo unaouzwa utakaolitibu. Kwa nini alikaa kimya? Sijui kanuni zenu, lakini ninajua ofisi nyingi ambako anayepoteza simu hukatwa mshahara au huandikiwa barua ya onyo, na matokeo yake ni hayo hayo: mtu anahangaika peke yake wikendi nzima akitumaini ataipata kabla bosi hajajua. Kila saa anayohangaika ni saa ya mwizi. Andikeni kanuni iliyo kinyume: atakayetoa taarifa ndani ya saa moja, mchana au usiku, haulizwi chochote cha kumdhalilisha na hakatwi. Atakayeficha ndiye mwenye kosa. Wekeni namba moja ya kupiga, ipokelewe hata Jumapili, na awepo mtu wa zamu mwenye mamlaka ya kusimamisha akaunti bila kuomba ruhusa.

Mkurugenzi akisisitiza kukata, mkumbushe kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata fidia ya hasara kwa kujisikia. Lazima hasara itokane na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mtu aliyeporwa stendi kosa lake ni lipi?

Tuje kwa wafanyakazi waliokataa. Nipo upande wao, ingawa si kwa asilimia mia. Mna simu za aina mbili na mmezitupa kwenye kapu moja. Simu tisa ni mali ya ofisi. Hizo mnaweza kuzisimamia kuanzia kiwandani mpaka kufutwa, na hakuna wa kulalamika. Ishirini na tano ni za watu, zimenunuliwa kwa mshahara wao, zina picha za watoto, meseji za mchumba, na kundi la ukoo. Mkiweka mfumo wenye uwezo wa kufuta kila kitu, siku mtu anaacha kazi au msimamizi anabofya mstari usio wake, picha za marehemu mama yake zimekwenda. Halafu mtamlipa nini?

Android ina jibu la hili tangu toleo la 5 la mwaka 2014. Linaitwa wasifu wa kazini. Simu inagawanyika pande mbili. Upande wa kazi una programu zake, na kila moja ina alama ndogo ya mkoba pembeni ili mtu ajue yuko wapi. Barua pepe ya ofisi na programu ya mikopo vinakaa huko, na picha inayopigwa ndani ya programu hiyo inabaki huko huko, haionekani kwenye galari ya nyumbani. Mnaweza kuzuia mtu asinakili maandishi kutoka upande wa kazi na kuyabandika kwenye WhatsApp yake. Mnaweza kulazimisha namba ya siri. Mtu akiondoka kazini, mnafuta upande wa kazi peke yake. Upande wake hauguswi. Na ofisi haioni picha zake, meseji zake, wala programu alizojiwekea.

Siku ya kuwaelezea, usilete slaidi. Chukua simu ya mmoja aliyekuwa mkali zaidi, kwa ridhaa yake, muiwekee hapo mbele ya wenzake. Waonyeshe ukurasa wa msimamizi kwenye kompyuta, wajionee wenyewe nini kinaonekana na nini hakionekani. Kisha mwambie azime upande wa kazi kwa kitufe chake: programu zenye mkoba zinafifia, arifa za ofisi zinanyamaza mpaka atakapowasha tena asubuhi. Kwa maafisa ambao wakopaji huwapigia saa nne usiku, kitufe hicho peke yake kinawashawishi kuliko hotuba yoyote.

Kikwazo ni simu zenyewe. Simu ndogo zenye RAM ya GB 1 au 2, na mtaani ziko nyingi, mara nyingi haziuruhusu wasifu huo, au zinauruhusu kisha zinasota mpaka mtu anakata tamaa. Pitia zote 25 kabla hujamwahidi yeyote. Angalia pia tarehe ya sasisho la mwisho la usalama kwenye mipangilio. Simu ambayo haijasasishwa kwa zaidi ya mwaka mimi sikubali ifungue barua pepe ya ofisi, hata kama mwenye nayo anaipenda vipi. Wenye simu zisizofaa wapeni za ofisi. Gharama ipo, ila ni ya mara moja, na ikilinganishwa na ada ya kila mwezi ya kufuatilia watu 34 huenda ikawashangaza.

Kwenye zile tisa za ofisi kuna mtego ninaokutana nao kila mara. Simu inanunuliwa dukani, afisa anakabidhiwa, anaweka Gmail yake binafsi, anafanya kazi miaka miwili, anaacha. Simu inarudishwa ikiwa imefutwa kwa vitufe vya pembeni bila kuondolewa Gmail hiyo kwanza, mnaiwasha mmpe mwingine, nayo inadai Gmail ya mtu aliyekwisha kuhamia Kahama na hapokei simu zenu. Hiyo ni kinga ya wizi ya Android inafanya kazi yake, na inawazuia ninyi wenye mali. Dawa ni kuisajili simu kama mali ya ofisi siku ya kwanza: ikiwa mpya au imefutwa, kwenye ukurasa ule wa kukaribishwa gusa kioo mara sita mahali pamoja, kamera inafunguka, unaskani msimbo wa QR kutoka kwenye mfumo wenu. Kuanzia hapo inajua mwenyewe ni nani. Ukichelewa hatua hiyo, hakuna njia ya mkato. Simu inafutwa na kuanza upya.

Na laini za simu hizo tisa zisajiliwe kwa jina la taasisi, si la afisa. Kwanza, ikipotea si lazima mngoje kidole cha mtu aliye likizo Bukoba ili laini irudishwe. Pili, wakopaji huzoea namba. Afisa anayeondoka na namba anaondoka na wateja, na asiye mwaminifu ataendelea kupokea marejesho wiki kadhaa bila ninyi kujua. Kama kuna marejesho yanayopitia namba binafsi za maafisa hivi sasa, acheni haya yote kwanza mkalitengeneze hilo.

Mkurugenzi anataka ramani ya saa 24. Mwulize anataka kujua nini hasa. Kama ni kuthibitisha kwamba afisa alimfikia mkopaji, programu ya mikopo inaweza kurekodi mahali alipo afisa pale anapojaza marejesho, kwa sekunde hiyo tu. Hiyo ina sababu, na hakuna atakayeipinga. Kujua afisa yuko wapi saa mbili usiku au Jumapili kanisani ni jambo jingine. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililoelezwa na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Saini ya mfanyakazi aliyeambiwa asaini au aache kazi sijui kama ni ridhaa. Isitoshe, ramani hiyo ikivuja, mwizi atajua maafisa wanaobeba makusanyo wako njia gani na saa ngapi.

Sheria hiyo hiyo inawagusa kwenye zile picha za NIDA, na hapa sitakubembeleza. Hesabu mwenyewe. Afisa anapiga picha kitambulisho cha mama muuza samaki wa Kirumba, anaitupia kwenye kundi. Kwa wote ambao simu zao hupakua picha zenyewe, na ndivyo zinavyokuja, picha inatua kwenye galari. Wengine galari zao zinapanda moja kwa moja kwenye hifadhi ya Google ya akaunti binafsi, na WhatsApp nayo inatunza nakala yake usiku. Picha moja sasa ina nakala nyingi kuliko watu mlionao, na hakuna hata moja ambayo ofisi inaweza kuifuta. Aliyeacha kazi mwaka juzi bado anazo. Ujumbe unaojifuta hautoshi pia, kwa sababu picha iliyokwisha kupakuliwa galarini hubaki hata ujumbe ukitoweka.

Kundi hilo liacheni liwe la matangazo ya mkutano na pole za msiba. Picha za vitambulisho zipigwe ndani ya programu ya mikopo ziende moja kwa moja kwenye seva. Kama programu haina uwezo huo, omba uongezwe kabla ya kununua chochote. Na kuhusu zilizokuwemo kwenye simu ya Buzuruga: mliowakopesha ndio wenye taarifa hizo. Sheria inataka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ijulishwe bila kuchelewa usalama wa taarifa unapovunjwa, kwa hiyo mwanasheria wenu aandike sasa, asingoje mpate uhakika wa kila kitu. Msomaji mwenye tawi Kenya ajue kule kuna kikomo: saa 72 tangu mlipogundua.

Mambo mawili ya haraka. Kama mtengenezaji wenu husambaza matoleo mapya ya programu kwa kutuma faili la APK (faili la kusakinisha programu) kwenye WhatsApp, mkomesheni. Mnawafundisha maafisa kuruhusu programu za nje ya Play Store, na siku moja "toleo jipya" litatumwa na mtu mwingine. Google inaruhusu programu ya ofisi iwekwe Play Store ionekane na wafanyakazi wenu tu. Pili, mafundi. Watu wanaogopa kuchaji simu kwenye vibanda, ilhali huyo huyo anamwachia fundi simu asubuhi mpaka jioni na namba ya siri ameiandika kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma. Simu za ofisi ziende kwa fundi mmoja mnayemfahamu, bila namba. Samsung za karibuni zina hali ya matengenezo inayoficha taarifa zako wakati fundi anajaribu kioo. Itumieni kama ipo.

Sasa ankara. Kabla ya kulipa, angalia mlichonacho. Kama barua pepe yenu ni ya Google Workspace, usimamizi wa msingi wa simu umeshalipiwa humo: kulazimisha kufunga kioo, na kuondoa akaunti ya ofisi kwenye simu bila kugusa vingine. Wasifu wa kazini unahitaji kifurushi cha juu zaidi. Kama mko Microsoft 365, kifurushi cha Business Premium kinakuja na Intune, mfumo wa Microsoft wa kusimamia simu, ambao unaweza kulinda barua pepe na mafaili ya ofisi ndani ya programu zake hata bila kuiandikisha simu nzima. Mwenye kijana anayejua seva anaweza kujaribu Headwind MDM, mfumo wa kusimamia simu wenye toleo la chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), ila hesabu na mshahara wa huyo kijana. iPhone ya mkurugenzi nayo iingie kwenye utaratibu, na awashe ulinzi wa kifaa kilichoibiwa uliokuja na iOS 17.3. Wakubwa huomba wasiguswe na kanuni hizi, na simu zao ndizo zenye barua nzito.

Bado mkitaka kumsikiliza muuzaji, muombe majaribio ya simu tano kwa mwezi mmoja, tatu za watu na mbili za ofisi, moja iwe ile dhaifu kuliko zote. Mwambie akuonyeshe kwenye simu ya mtu binafsi kitufe cha kufuta kinafuta nini hasa, na akifanye mbele yako. Muulize taarifa za simu zenu zinakaa kwenye seva ya nani, nchi gani, na mkataba ukiisha zinafutwaje. Ufuatiliaji wa mahali uzimwe kwenye mkataba wenyewe. Malipo ya mwezi kwa mwezi. Ya mwaka mzima kwa mkupuo msikubali mpaka mmeona tukio moja la kweli limeshughulikiwa na mfumo huo tangu afisa alipopiga kutoa taarifa mpaka akaunti yake kuzimwa.